Uraibu, ubongo na utando mwembamba: maswali tunayoulizwa sana hapa Tanga

Maswali haya yametoka kwa watu wa aina mbili. Kuna kina mama na kina baba wa Ngamiani, Makorora, Mikanjuni huko, wana kijana anaekula unga (heroini) na wamechoka. Halafu kuna wanafunzi wa sayansi wanaosikia habari za elektrodi, yaani vijiwaya vya umeme, zinazowekwa kwenye ubongo na wanataka kujua zinatengenezwaje. Nimeyaweka pamoja makusudi, kwa sababu mengi tunayojua leo kuhusu uraibu yamepimwa kwa vyombo vidogo sana, na vyombo hivyo visingefanya kazi bila utando mwembamba uliopakwa juu yake. Kama una mgonjwa nyumbani na muda huna, soma kwanza swali la arosto (maumivu ya kukatikiwa unga) na lile la mtu aliyetoka soba hausi (nyumba ya kuachia unga), mengine utarudia.

Kijana wangu kila siku anaapa anaacha na haachi. Ni jeuri au kashindikana?

Sio jeuri mama, na hajashindikana. Anapoapa asubuhi anaapa kweli, ila sehemu ya ubongo inayoapa na sehemu inayomtoa nyumbani saa kumi jioni kwenda kutafuta kete (kipakti cha unga) sio moja.

Mwaka 1954 pale Chuo Kikuu cha McGill, Canada, watafiti wawili James Olds na Peter Milner waliweka waya mwembamba kwenye ubongo wa panya, wakampa kitufe cha kujipigia umeme kidogo mwenyewe. Waya ulipokua umefika sehemu fulani za ndani, panya alibonyeza na kubonyeza na kubonyeza. Hapo ndipo watu walianza kuelewa kwamba ndani ya kichwa kuna njia maalum inayomfundisha mnyama "hiki kirudie". Miaka michache baadae Arvid Carlsson wa Sweden akaonyesha kwamba dopamini ni kemikali inayofanya kazi yake yenyewe kwenye ubongo, kazi iliyompa Nobel mwaka 2000. Njia ile ya panya inategemea sana hiyo dopamini.

Kazi ya njia hiyo kwa kawaida ni nzuri kabisa, ndio inayotufanya tukumbuke chakula kilipo, maji yalipo, mtu anaetupenda yuko wapi. Heroini ikiingia inakaa kwenye vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali, ambavyo mwili umeviweka kwa ajili ya dawa zake wenyewe za maumivu, na pale inazima seli zinazozuia dopamini isitoke ovyo, basi dopamini inamwagika kuliko inavyomwagika kwa wali wa nazi au kwa mtu kushinda mechi. Ubongo unajifunza somo moja kwa nguvu mno, na unalirudia kila siku kwa miaka. Kiapo cha asubuhi kinapambana na somo hilo.

Dopamini si ndio kemikali ya raha?

Ndivyo inavyosemwa sana mitandaoni, ila picha iliyopo sasa ni tofauti. Wolfram Schultz alisikiliza seli za dopamini za nyani mmojammoja, akakuta mwanzoni seli zinalipuka nyani akipata juisi, lakini akishajifunza kwamba taa ikiwaka juisi inakuja, mlipuko unahamia kwenye taa, na juisi yenyewe haisemi kitu tena. Na juisi isipokuja kwa wakati wake, seli zinanyamaza chini ya kawaida. Kwahiyo dopamini inapima tofauti kati ya ulichotegemea na ulichopata.

Kent Berridge na Terry Robinson wa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1993 wakatoa hoja ambayo mimi naiona ndio iliyo karibu zaidi na tunayoyaona maskani, pale wanapokutana watu wa unga: kutaka na kufurahia ni vitu viwili, vinaendeshwa na mifumo tofauti, na kwenye uraibu kutaka kunakua kukubwa huku kufurahia kunabaki palepale au kunapungua. Kaa na mtu aliyekubuhu umuulize vizuri, bila kumtukana, atakwambia mwenyewe unga haumpi raha siku nyingi, anakula ili asiumwe. Watu wanadhani anajitetea tu.

Arosto ni nini hasa, na inaua?

Mtu akila unga kila siku ubongo unajirekebisha ili usizidiwe. Kuna sehemu ndogo kwenye shina la ubongo inayotoa noradrenalini, ile kemikali ya kukuweka macho na kukupa mshituko. Heroini inaikandamiza, na yenyewe inajibu kwa kuongeza nguvu. Sasa unga ukikatika ghafla, mkandamizo umeondoka lakini nguvu iliyoongezwa ipo palepale, ndio unaona kamasi, machozi, miayo isiyoisha, vipele vya baridi, jasho, tumbo kukata, kuharisha, miguu haitulii, usingizi hakuna. Kwa heroini inaanza kama masaa 8 mpaka 12 baada ya kete ya mwisho, inakua kali zaidi siku ya pili na ya tatu, halafu inashuka taratibu, wengi ndani ya siku 5 mpaka 10.

Arosto ya unga peke yake kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kuua, lakini kuharisha na kutapika bila kunywa maji kunaweza kumfikisha pabaya, kwahiyo maji ya chumvi na sukari yawepo. Ila pombe ni habari nyingine. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka akiikata ghafla anaweza kupata degedege na akafa, vivyo hivyo kwa vidonge vya usingizi kama valiamu. Hao wasikatishwe nyumbani, wapelekwe hospitali.

Tumfungie ndani mpaka arosto iishe?

Hapana. Na minyororo hapana kabisa. Arosto ikiisha uraibu haujaisha, swali linalofuata linaeleza kwanini.

Alikaa soba miezi kadhaa, kanenepa, anaswali, siku aliyorudi mtaani akarudia. Kwanini?

Hili swali ndio tunaulizwa kuliko yote na naomba mlisome taratibu.

Miaka ya 1940 daktari Abraham Wikler alikua anatibu watu wa heroini kwenye hospitali ya Lexington, Kentucky, Marekani. Aligundua wagonjwa waliokaa muda mrefu bila dawa, wazima kabisa, wakirudi mitaa yao ya zamani walianza kupiga miayo na kutokwa kamasi, yaani arosto inarudi bila hata kuonja. Mwili umejifunza mahali. Kona ya mtaa, sauti ya kiberiti cha gesi, karatasi ya kete ikikunjuliwa, rafiki anaepiga mluzi kwa mtindo fulani, vyote hivi ubongo unavisoma kama ile taa ya nyani wa Schultz: unga unakuja, jiandae. Na kwa sababu mwili unajiandaa kupambana na heroini ambayo haijaja, mtu anajisikia anaumwa. Kijana aliyelelewa soba ya mbali akirudishwa chumba kilekile, kitanda kilekile, dirisha linaloangalia maskani, mmemrudisha shule aliyofundishwa uraibu.

Halafu kuna hatari ambayo familia nyingi hazijui. Shepard Siegel wa Chuo Kikuu cha McMaster na wenzake mwaka 1982 waliwazoesha panya heroini, wakawapa wote dozi kubwa ileile. Waliopewa kwenye chumba walichozoea kupewa walikufa kama 32 kwa 100, waliopewa kwenye chumba kigeni walikufa kama 64 kwa 100, na wale ambao hawajawahi kuzoea walikufa karibu wote. Uvumilivu wa mwili uko kwenye mazingira pia. Sasa chukua mtu aliyekaa soba au jela miezi, mwili umeshasahau, anarudi anapiga kipimo chake cha zamani. Heroini inakandamiza sehemu ya shina la ubongo inayoendesha pumzi, analala, anakoroma vibaya, mboni za macho zinakua nukta, midomo inageuka rangi, pumzi inakata. Wiki za kwanza baada ya kutoka ndio za hatari zaidi. Msimmwagie maji, msimpige makofi nusu saa mkisubiri aamke. Mpulizieni pumzi mdomoni kama hapumui, akipumua mlazeni ubavu, na mkimbizeni hospitali ya Bombo haraka mkisema wazi amekula nini. Kuna dawa inaitwa naloksoni, inaisukuma heroini kwenye vipokezi na mtu anaamka, lakini haina faida kama mmeficha kwa aibu alichotumia.

Methadone si ni kumbadilishia unga kwa unga wa serikali?

Nasikia hili kila mahali, na linanisikitisha, kwa sababu kuna vijana wameachishwa methadone na familia zao wenyewe na wamekufa.

Methadone, dawa anayopewa mtu wa unga kliniki, inakaa kwenye vipokezi vilevile, kweli. Tofauti ni mwendo. Heroini inapanda ndani ya dakika, inashuka ndani ya masaa, ndio mtu anazungushwa mara tatu nne kwa siku, juu, chini, arosto, kutafuta hela. Methadone ya kunywa inapanda polepole na nusu yake inabaki mwilini kwa siku nzima au zaidi, kwahiyo kiwango kinakaa sawa, hakuna kupaa na hakuna kuanguka, na mtu akiongeza unga juu yake hasikii sana. Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walichapisha matokeo yao ya kwanza mwaka 1965, na tafiti zilizofuata nchi nyingi zimeonyesha wanaokaa kwenye dawa wanakufa kidogo, wanajidunga kidogo, wanaambukizwa VVU kidogo. Tanzania bara ilianza Muhimbili Februari 2011, na sasa huduma imefika mikoani, Tanga ikiwemo.

Ukienda kliniki asubuhi utaona foleni, mtu anafika dirishani, anatajwa, anapewa kikombe, anakunywa mbele ya muuguzi, anakunywa maji, anasema neno ili ionekane amemeza, anaondoka kwenda kazini. Wengine wanaenda kubeba samaki, wengine bodaboda. Hilo ndilo lililokua haliwezekani mwaka jana yake.

Mambo matatu ya kushika. Methadone ya mgonjwa ni yake, mtu asiyezoea anaweza kufa kwa dozi moja, na mtoto ndio kabisa. Pombe na vidonge vya usingizi juu ya methadone vinakata pumzi. Na akianzishwa dawa za TB zenye rifampisini lazima kliniki ijue, kwa sababu rifampisini inafanya ini liimalize methadone haraka, mgonjwa anaanza arosto katikati ya matibabu na watu wanasema amerudia unga kumbe dozi imeliwa na dawa nyingine. Baadhi ya dawa za VVU nazo zinafanya hivyo.

Ubongo unapona?

Unapona, kwa sehemu, na unachukua muda. Nora Volkow na wenzake mwaka 2001 waliwapiga picha watu waliotumia methamfetamini. Walipokaa mwaka mmoja na zaidi bila kutumia, visafirishi vya dopamini, yaani vinavyoirudisha ndani ya seli, vilivyokua vimepungua vilikua vimerudi kwa kiasi kikubwa. Mwendo wa mikono na kumbukumbu havikurudi kwa kasi hiyo. Kwahiyo mtu wa miezi mitatu anaelalamika hasikii ladha ya kitu chochote, hacheki, hana hamu, anasema kweli, mvumilieni.

Na kuna utafiti wa Lee Robins kwa askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Wengi waliokua wameshikwa na heroini kule, walipofika kwao waliacha, na mwaka wa kwanza waliorudi kwenye uraibu walikua kama 5 tu kwa 100. Walihama kutoka kwenye mazingira yaliyowafundisha. Kijana wa Makorora hana ndege ya kumrudisha nchi nyingine, ila hata kumhamishia kwa shangazi Muheza ukiwa umeshapanga na kliniki atapataje dawa, kuna maana kisayansi.

Haya, utando mwembamba ni nini na unaingiaje hapa?

Ni safu ya kitu iliyolala juu ya kitu kingine, unene wake kuanzia nanomita chache mpaka mikromita chache. Unywele wako una mikromita 50 mpaka 100, ndio uone udogo wenyewe. Ukisimama karibu na boti za injini pale Deep Sea ukaona mafuta yaliyomwagika juu ya maji yanatoa rangirangi, huo ni utando mwembamba, rangi zinatokea kwa sababu mwanga unaorudi juu ya mafuta na unaorudi chini yake vinakutana. Miwani yenye kivuli cha kijani au zambarau kwenye kioo ni hivyohivyo, imepakwa ili isirudishe mwanga.

Kuingia kwenye ubongo kunaanzia kwenye tatizo hili. Unataka kupima dopamini ndani ya ubongo wa panya aliye hai, wakati uleule anapobonyeza kitufe cha kokeini. Dopamini ukiipa volti inatoa elektroni, unasoma mkondo wa umeme, basi unajua iko kiasi gani. Lakini ubongo umejaa vitamini C, ileile ya machungwa ya Muheza, na ipo kwa wingi mara nyingi sana kuliko dopamini, na yenyewe inatoa elektroni karibu na volti zilezile. Unapima vitamini unadhani ni dopamini.

Suluhisho moja lililotumika tangu miaka ya 1980, Greg Gerhardt na Ralph Adams wakiwa miongoni mwa walioanza, ni kupaka elektrodi utando wa Nafion. Nafion ni polima, aina ya plastiki, yenye chaji hasi. Dopamini kwenye mwili ina chaji chanya, inavutwa, inapita. Vitamini C ina chaji hasi, inasukumwa nje. Utando umefanya kazi ambayo hesabu peke yake isingeiweza. Mimi hili huwa linanifurahisha kila nikilieleza, kemia ya kidato cha nne kabisa, chaji zinazofanana zinasukumana, na imefungua mlango wa kuona ubongo ukitamani.

Kundi la Mark Wightman, North Carolina, likatumia nyuzi za kaboni za kama mikromita 7 na kupandisha na kushusha volti mara 10 kwa sekunde, na mwaka 2003 wao na wenzao wakaonyesha dopamini inaruka kabla panya hajabonyeza kitufe, na ukiirusha kwa umeme panya anakwenda kutafuta kokeini. Ndio ushahidi wa wazi kwamba hamu inatangulia mkono.

Utando wenyewe unapakwaje? Kwa brashi?

Nafion mara nyingi ni kuchovya tu na kukausha, mara kadhaa. Metali kama platinamu au iridiamu hazichovyeki. Unaweka kitu chako ndani ya chemba, unafyonza hewa mpaka karibu iishe, unaingiza gesi ya agoni kidogo, unaipa umeme inakua plazma (gesi yenye chaji), ayoni za agoni, yaani atomu zake zenye chaji, zinagonga kipande cha metali na kungoa atomu, atomu zinaruka na kutua juu ya kitu chako moja baada ya nyingine. Vumbi moja tu au jasho la kidole, utando unabanduka. Nusu ya kazi ni usafi.

Kuna parilini, hii ni plastiki inayoingia kama gesi. Unga wake mweupe (huu ni wa maabara) unapashwa moto mpaka unakua mvuke, mvuke unapitishwa kwenye joto la karibu digrii 690 unavunjika, halafu unaingia chumba cha baridi ya kawaida na kujiunga tena juu ya kila kitu, mpaka kwenye nyufa. Inatumika kuzuia umeme usivuje.

Kwanini visidumu milele basi?

Kwa sababu ndani ya kichwa ni maji ya chumvi, na mwenye nyumba Raskazone anajua chumvi inavyolifanya bati. Maji yanapenya pembeni ya utando taratibu, unavimba, unaachia. Pia ubongo unamuona mgeni na kumzungushia kovu, ishara inafifia. Ndio maana watafiti wanahangaika na polima laini zinazopitisha umeme kama PEDOT. Chombo kinachotumika sana siku hizi kwa panya, Neuropixels cha mwaka 2017, ni sindano ya silikoni ya milimita 10 yenye vituo 960 vya kusikiliza seli, na kila kituo kimepakwa titani naitraidi, kemikali ileile wanayopaka kwenye biti za drili zile za rangi ya dhahabu dukani.

Nimesikia kuna waya unawekwa kichwani mtu anaacha unga. Tunaweza kupata?

Upo kwenye utafiti, sio matibabu ya kawaida popote. Madaktari wa hospitali ya Ruijin, Shanghai, na wa Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, waliwawekea watu wachache miaka ya karibu na 2019, elektrodi inapita fuvu mpaka sehemu ya ile njia ya dopamini iitwayo nukliasi akambensi na betri inakaa kifuani. Ni upasuaji wa ubongo, unaweza kuvuja damu, kupata maambukizi, na waliojaribiwa ni wachache mno kusema unafaa. Mtu akikwambia ana mashine au chipu ya kutoa uraibu anataka laki kadhaa, weka hela yako mfukoni, methadone kliniki ni bure.

Na ile dawa ya karatasi ya kuweka chini ya ulimi?

Ni buprenofini ndani ya utando wa polima unaoyeyuka, Marekani waliipitisha 2010. Inashika vipokezi kwa nguvu lakini inaviwasha nusu tu, kwahiyo hatari ya kukata pumzi ni ndogo. Wanachanganya na naloksoni ili mtu akijidunga apate arosto badala ya kupaa. Anaeanza lazima awe ameshaingia arosto kwanza, la sivyo inamletea kali papo hapo.

Mirungi na bangi je?

Mirungi ina kathinoni, ndugu wa amfetamini, inasukuma dopamini itoke, na inaharibika majani yakinyauka ndio maana wanakimbizana nayo mbichi. Bangi inafanya kazi kwenye vipokezi vingine, uraibu upo, hasa kwa aliyeanza mdogo. Methadone haitibu yoyote kati ya hizi, ni ya unga na jamii yake tu.

Niko kidato cha sita PCB, nataka kusomea mambo haya. Nianzie wapi?

Mdogo wangu, ukitaka upande wa utando, idara ya fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana historia ya kazi za utando mwembamba, zaidi kwa ajili ya nishati ya jua, lakini chemba ya ombwe haijui kama unapaka kioo cha sola au elektrodi, ufundi ni uleule. Ila angalia sifa za kujiunga, kwa fizikia hisabati inahitajika kweli na PCB wengi inawabana. Ukitaka upande wa wagonjwa, Muhimbili ndio methadone ilianzia na tafiti nyingi za uraibu nchini zimefanyika na watu wa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha hapohapo. Kabla hujachagua, omba ruhusa ukae kliniki ya methadone asubuhi mbili tatu, uongee na wauguzi na wanaokunywa dawa. Waulize wenyewe hamu inaanzaje, saa ngapi, mahali gani, kwa sauti gani. Andika majibu yao kama walivyoyasema, utayahitaji siku utakapokua unachagua cha kupima.